Madirisha ya Magofuni

Miezi miwili baada ya onyesho la taa kuanza magofuni, mtaa mzima ulikuwa umeshakwenda kuliona isipokuwa Mama Cherehani. Mwenye duka alikwenda mara tatu. Hata jirani wa nyuma, anayelala saa moja na kuku wake, alijikaza akaenda, akarudi akisimulia jinsi ukuta ulivyogeuka samawati bila brashi wala kopo la rangi. Basi hakuna aliyemleta mtoto kupimwa sare ya shule akaondoka bila kuuliza.

“Mama, wewe utakwenda lini? Na mwanao ndiye fundi wao.”

“Mawe yale nayajua uchi,” alijibu, pini zikiwa mdomoni. “Sina haja ya kuyaona yamevaa.”

Watu walicheka, naye akateremsha utepe begani mwa mtoto, akaandika vipimo, na maneno yakaishia hapo.

Alikuwa na miaka sitini na minne. Aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, yeye na mwanawe wa pekee, fundi umeme, pamoja na mke wa mwanawe, mwalimu wa darasa la kwanza ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Jioni walikula uani. Wakati huo huo mwanga ulipanda nyuma ya mapaa, mwekundu kwanza, kisha wa kijani, na sauti nzito ya mwanamume kwenye spika ikawafikia vipande vipande kadiri upepo ulivyotaka. Mama Cherehani aligeuza kiti chake akakaa kuupa mwanga mgongo. Fundi alimwona kila siku, na kila siku akanyamaza. Nyaya za taa zile alizitandaza yeye kwa mikono yake, kama kibarua wa majaribio, na alizionea fahari, lakini utamwambiaje mtu anayekula akitazama ukuta wa choo?

Jumatano moja Fundi alirudi akiwa mweusi hadi viwikoni. Mkewe alimletea beseni na sabuni pale kibarazani.

“Leo ulikwenda kwenye umeme au kuchoma mkaa?” Mwalimu aliuliza.

“Nimesugua ukuta. Kuna chumba upande wa mashariki, masizi matupu. Rangi zikipiga pale zinamezwa. Wageni wa wizara wanakuja Jumamosi, basi Meneja anataka kiwe cheupe kama vingine.”

Mguu wa Mama Cherehani ulisimama juu ya pedali.

“Chumba gani?”

“Kile cha kushuka ngazi mbili. Kina dirisha la upinde, na kishimo ukutani, nadhani walikuwa wakiweka taa.”

“Chumvi,” alisema mama yake.

“Nini?”

“Kile kishimo. Tulikuwa tukiweka chumvi, isishike unyevu.”

Fundi alitoa mikono majini. Kwamba mama yake alizaliwa magofuni alilijua kama mtu anavyoijua namba ya kitambulisho chake, jambo lililoandikwa mahali, lisiloulizwa. Hakuwahi kuambiwa chumba. Hata hakuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na chumba.

“Kwa hiyo masizi haya…”

“Ni ya jiko la mama yangu. Na la mama yake kabla yake. Umeyamaliza?”

“Nusu.”

“Kwa brashi?”

“Ya waya, Mama.”

Maji ya beseni yalikuwa yamekuwa meusi. Mama Cherehani aliyatazama kwa muda, kisha akaurudisha mguu wake kwenye pedali.

“Kamalizie kesho,” alisema. “Ukuta ulioachwa nusu ni aibu kuliko mchafu. Kazi ni kazi.”

Fundi alikuwa na tiketi mbili mfukoni. Meneja aliwagawia wafanyakazi wote ili Jumamosi viti vijae, akasema kwamba Jumatatu yake vibarua watano wataitwa mmoja mmoja, na watatu watapewa mkataba wa kudumu. Mkataba ulikuwa na bima ya matibabu. Mwalimu alikuwa ameshauliza kule kwenye kliniki ya kulipia, akaonyeshwa chumba cha kujifungulia chenye pazia safi na kitanda kimoja, akakiota usiku. Fundi aliziweka tiketi mezani. Hazikuguswa na mtu.

Ni Mwalimu aliyemfuata mama mkwe wake baada ya chakula, akamkuta akifumua mshono alioushona vibaya.

“Mama, sikulazimishi. Lakini Meneja atatazama nani kaleta watu wake na nani hakuleta.”

“Najua, mwanangu.”

“Kwa nini hukumwambia mwanao habari za kule?”

Mama Cherehani aliendelea kuchokoa uzi kwa sindano. “Tulipohamishwa nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba kumi na saba, malori mawili. Tukaletwa huku mjini, nikapelekwa shule. Siku ya kwanza mtoto mmoja akauliza, wale wanaotoka magofuni ni popo? Basi darasa zima likaanza kutuita popo. Mwalimu wetu naye akawa anatuita hivyo, kwa mzaha. ‘Popo, njoo ufute ubao.’ Nikajifunza kufunga mdomo. Ukishaufunga miaka mingi hivyo, huukumbuki tena mlango ulipo.”

Mwalimu alichukua upande wa pili wa kitambaa, akakishika kikanyooka, na wakafumua pamoja.

“Kesho nipigie pasi lile gauni la kijani,” Mama Cherehani alisema mwishowe. “Nisije nikamwaibisha.”

Ilipofika Jumamosi miguu ya Mwalimu ilikuwa imevimba, viatu vikamkataa. Tiketi ya pili ikaenda kwa Kinyozi wa kona, mzee aliyekuwa miongoni mwa wale wa malori mawili, mtoto wa dirisha la tatu kutoka kwao. Alikuja amejinyoa mwenyewe, na kipande cha pamba kimeganda kidevuni.

“Hamsini na tatu,” alisema njiani.

“Nini hamsini na tatu?”

“Miaka. Tangu tupite njia hii tukiwa tumeupa mji wetu wa mawe mgongo.”

“Kwa hiyo leo ndiyo tutauona uso,” alijibu Mama Cherehani.

Langoni binti mmoja mwenye fulana ya kampuni alikuwa akifunga vikuku vya karatasi mikononi mwa watu. Wageni walipewa vya dhahabu. Wao walipewa vya kijivu.

“Kijivu ni familia za wafanyakazi,” binti alisema. “Mnakaa nyuma, kwenye ngazi za saruji. Vile viti vyenye vitambaa msivikalie. Na tafadhali mtulie, leo tunarekodi.”

“Binti yangu, mimi nimezaliwa humu,” Kinyozi alimwambia.

“Hongera, mzee. Kijivu nyuma.”

Kinyozi alimgeukia mwenzake ili wacheke, lakini Mama Cherehani alikuwa ameinama akitazama vitambaa vya viti. Pindo lilikuwa limeshonwa haraka, uzi unaning’inia. Alijua aliyevishona na alijua alilipwa ngapi, kwa sababu kazi ile ilipita kwanza mlangoni kwake akaikataa. Walipanda ngazi, wakakaa kwenye saruji iliyokuwa bado na joto la mchana.

Onyesho lilianza kwa ngoma na moshi. Kuta ziligeuka nyekundu, zikawa za zambarau, wapanda farasi wa mwanga wakapita juu ya mawe wakipinda kila penye ufa. Kusema kweli ilipendeza. Ukuta wa mashariki, uliosuguliwa ukawa mweupe, uliipokea kila rangi. Kisha ile sauti nzito ikaanza kueleza, wafalme hawa, vita vile, mpaka ikafika pale mji ulipoanguka.

“Kwa karne nne,” ilisema, “hapakusikika sauti ya binadamu ndani ya kuta hizi. Wakazi wake pekee walikuwa popo.”

Kinyozi alimgusa kwa kiwiko. “Umesikia? Tumetajwa.”

Mama Cherehani hakucheka. Alikuwa ameamua tangu nyumbani kwamba atakaa saa nzima, atapiga makofi panapopigwa makofi, kisha ataondoka. Rangi zote alikuwa amejiandaa nazo. Lakini taa zilizimika zote, giza likakaa kidogo, halafu dirisha moja dogo la juu likawaka njano, njano hafifu ya kibatari. Likafuata la pili. La tatu. Dirisha baada ya dirisha, mpaka kilima kizima kikawa na watu nyumbani.

Waliobuni onyesho walikusudia kuonyesha mji wa wafalme enzi za fahari yake. Hawakujua walichokifanya. Alipokuwa mtoto alitumwa maji kisimani kila magharibi, na wakati wa kurudi, mtungi kichwani, alihesabu madirisha kutoka chini ili ajue nani amesharudi na nani bado. Hakuyaona yamewaka tangu wakati huo. Shingo yake ilikumbuka uzito wa maji.

“Lile la mfuma mikeka,” alisema, taratibu.

“Na lile chini yake?” Kinyozi aliuliza.

“La mkata mawe, yule mwenye kigugumizi. Akiimba hagugumizi. Lile lililo peke yake ni la wajane wawili waliokuwa hawasemezani, mmoja akipika, mwingine anakula.”

“Kweli,” alisema Kinyozi. “Kweli kabisa.”

“Na lile ni lenu. Mama yako anakuita, umechelewa na mbuzi wa watu.”

Wakati huo ile sauti ya spika ilisema “Wafalme wa…” ikakwaruza, ikafa. Taa ziliendelea. Watu wa mbele walinong’ona, kisha wakatulia wakingoja. Kuta zile zimejengwa kwa namna ya kurudisha sauti. Bila ngoma wala spika, neno lililosemwa kwenye ngazi za nyuma lilisikika mpaka kwenye viti vya vitambaa. Mama Cherehani hakuwa na habari.

“Na lile la upinde, la ngazi mbili,” alikuwa akisema, “ndilo letu. Mama alikuwa na mazoea ya kukaa hapo akichambua mchele, maana moshi ulimsumbua macho.”

Binti wa fulana alikuwa ameanza kupanda ngazi, kidole mdomoni. Lakini mbele kabisa mwanamke mmoja wa makamo, mkubwa wa wale wageni, aligeuka kitini na kuinua mkono.

“Mwacheni,” alisema. “Mama, endelea. Lile la juu kabisa je?”

Mama Cherehani alitazama huku na huku, akagundua watu mia mbili wamemgeukia. Angeweza kukaa kimya. Alisimama, akashika bega la Kinyozi, akawaeleza la juu kabisa. Kisha akawaeleza yaliyobaki, yote kumi na saba, nani alikuwa na homa siku ya malori, nani alifunga mlango kwa kufuli ingawa aliambiwa ufunguo hautamfaa tena.

Fundi alikuwa kwenye kibanda cha mitambo nyuma ya ukuta. Tangu Jumanne alikuwa amemwambia Meneja kwamba boksi la nyaya za spika linaingiza umande, akaambiwa lingoje mpaka wageni waondoke. Sasa breka, swichi ya kukata umeme, ilikuwa imejikata. Alifungua boksi, akalikausha kwa kitambaa, akaweka kidole kwenye breka. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Ndipo akaisikia sauti inayopita juu ya ukuta, na mwanzo hakuijua ni ya nani. Mama yake alikuwa mtu wa maneno mafupi. Huyu alikuwa anasimulia. “Ndilo letu,” ilisema sauti, na Fundi akaondoa kidole.

“Fundi, sauti,” redio ya mkononi ilisema. “Fundi, unanisikia? Sauti.”

Aliipunguza redio, akageuza ndoo, akaikalia. Alijua anachokifanya. Alikuwa na mke na mtoto njiani, na alijua. Alikaa akisikiliza habari za bibi yake kama mgeni aliyelipa, mpaka watu walipopiga makofi, na ndipo akasimama na kurudisha breka.

Jumatatu Meneja alimkaribisha kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alimwagizia chai kwanza.

“Nimeangalia boksi lile,” alisema. “Nakiri ulinionya. Lakini hitilafu yenyewe ni ya dakika moja. Wewe umechukua dakika kumi na mbili. Kulikuwa na nini?”

Fundi alikuwa na majibu matatu, yote ya kifundi, na Meneja asingeweza kuyapinga hata moja.

“Mama yangu alikuwa anazungumza,” alisema.

Meneja alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. “Mkubwa wa wageni amefurahi sana, nisikufiche. Amesema tuongeze sentensi kuhusu waliokuwa wakiishi pale. Lakini mimi nikimwajiri fundi anayesikia naita asiitike, kesho wenzako nitawaambia nini?”

“Naelewa.”

“Ungeniambia ni nyaya, ningekusainia mkataba.”

“Naelewa, bosi.”

Alilipwa siku zake, akarudisha redio na fulana. Nyumbani Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, mkono kiunoni.

“Mimi nabeba miezi tisa,” alisema. “Wewe umeshindwa kubeba dakika moja.”

Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa imenyamaza. Kesho yake Mama Cherehani alivaa tena lile gauni la kijani, akaenda ofisini kwa Meneja, akakaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa sita. Alipoingia aliomba radhi, akasema kosa ni lake, mdomo wake ndio uliomponza mtoto. Meneja alimpa mkono kwa heshima na kumsindikiza hadi langoni. Mkataba hakuutoa. Mama Cherehani hakumwambia mtu nyumbani kwamba alikwenda, lakini mtaa hauna siri, na Mwalimu alipata habari dukani akinunua sabuni.

Mtoto alizaliwa katika hospitali ya umma, wodi ya vitanda ishirini na wazazi thelathini na wanne. Mwalimu alilala na mwenzake kitanda kimoja, kichwa na miguu. Mama Cherehani alikesha kwenye sakafu chini yao, akiwapokea watoto wote wawili kwa zamu ili mama zao wapumzike. Mtoto wao alikuwa msichana, mzima, mwenye kelele. Fundi alirudi kwenye kazi za kufunga taa nyumba za watu, leo ipo, kesho haipo. Yeye na mkewe walisemezana kwa adabu wiki kadhaa, kama wapangaji, mpaka siku moja mtoto alimkojolea baba yake shati la kwendea kazini na Mwalimu akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Mwezi wa tatu wa mtoto, jioni moja, Mwalimu alitoka chumbani amemfunga mwanawe kifuani.

“Mama, vaa viatu.”

“Kuna mgonjwa?”

“Twende ukanionyeshe hilo dirisha. Kila mtu mtaani analijua isipokuwa mimi.”

“Tiketi ni ghali, mwanangu.”

“Nimeshazinunua.”

Walikwenda watatu, Fundi akabaki akipika. Walikaa kwenye viti safari hii, safu ya pili, wakiwa na vikuku vya rangi ya kawaida kama watu wengine. Ngoma zikapita, wapanda farasi wakapita. Sauti nzito ikafika kwenye karne zake nne, na popo hawakutajwa. Badala yao kulikuwa na sentensi mpya.

“Baadaye,” ilisema, “wachungaji wachache walipumzika hapa kwa muda, kisha wakaondoka kwa hiari yao.”

Mwalimu alisimama nusu, mtoto akashtuka kifuani. “Wachungaji? Kwa hiari? Mama, hawa watu wana wazimu. Inuka twende nyumbani.”

Mama Cherehani alimshika mkono akamvuta polepole mpaka akarudi kitini. Taa za rangi zilikuwa zinazimika moja baada ya nyingine, na giza linaanza kupanda kilimani.

“Kaa, mwanangu,” alisema. “Madirisha bado.”